Cherehani na mwiko chini ya paa moja: njia nne za kupanga kushona na ukarabati wa nyumba, na ipi ikufae

Nyumba yetu ina vyumba vinne, na kuta za ndani hazifiki paani. Baba mkwe alipoijenga alipandisha kuta hadi kwenye linta, akaongeza kozi chache, akaezeka na kuhamia. Dari ingefuata baadaye. Miaka imepita na dari haijafuata. Wengi wetu tunaoishi kwenye mashamba madogo huku Njombe tunaijua nyumba ya namna hii: mtu akikohoa chumbani, sebuleni anasikika.

Mimi sikuwa nimewaza kwamba vumbi nalo hupita njia ileile ya sauti. Agosti moja fundi alianza kubandua lipu kuukuu ya sebule. Nilikuwa chumba cha mwisho, mlango nimeufunga, chini nimetandaza blanketi la viraka la kitanda cha futi tano kwa sita, limebaki kupigwa bandi tu, ile mishono ya kuunganisha tabaka zake. Nikatoka kwenda kupika. Niliporudi jioni viraka vyote vilikuwa na rangi moja ya kijivu. Nilikung'uta, nikafua, lakini vumbi lilikuwa limeshaingia tabaka la kati, na hadi leo blanketi lile ukilipigapiga juani linatoa unga. Wiki hiyohiyo cherehani kikaanza kuwa kizito. Vumbi la saruji likikutana na mafuta ya cherehani huwa uji, na uji huo unasaga chuma. Nilikifungua chote, nikakisafisha kwa mafuta ya taa, nikakipaka mafuta upya, nikapoteza siku mbili za kazi ya watu.

Tangu wakati huo nimejaribu njia nne za kuweka pamoja kushona na kukarabati nyumba. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mwenzangu mwenye ekari mbili tatu, nyumba inayodai kukarabatiwa, na cherehani ambacho hakiwezi kukaa bure kwa sababu ndicho kinacholipa ada. Nitasema wazi ninakoegemea, lakini nyumba yako si yangu, kwa hiyo sababu zitakufaa zaidi kuliko jibu langu.

Kwanza tujue blanketi linadai nini

Blanketi la viraka, ambalo watu wa pwani wana jina lao la zamani, mfarishi, lina tabaka tatu: viraka juu, ujazo katikati na bitana chini. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka blanketi lishuke inchi 12 kila ubavu na inchi 12 miguuni, unahitaji inchi 84 kwa 84. Kwa viraka vya inchi 6 vikishashonwa, ni safu 14 zenye viraka 14, jumla viraka 196. Kila kimoja unakikata inchi 6 na nusu, ili robo inchi ya kila upande iliwe na mshono. Kama ungevikata kwenye kitenge kizima chenye upana wa inchi 45, ungetumia karibu mita 5 na nusu. Sisi tunaookota mabaki kwa mafundi wa sokoni tunavipata kidogo kidogo, kwa miezi.

Inchi 84 ni futi 7. Blanketi hili haliwezi kutandazwa mezani. Linataka sakafu iliyo wazi ya futi 8 kwa 8, safi kiasi cha kuweka kitambaa cheupe, kwa siku mbili au tatu mfululizo bila mtu kukanyaga. Hapo ndipo linapogombana na ukarabati. Gauni au sketi ya shule inashonwa popote panapoenea cherehani na kiti.

Njia ya kwanza: nyumba iishe, ndipo nishone

Hii ndiyo wanaume wengi wanaishauri, na ina haki yake. Unafunga cherehani, unakifunika, unakipeleka kwa jirani. Akili yako yote iko kwa fundi. Unaona lini anazidisha mchanga, unaona tofali lililowekwa likiwa kavu, na kazi inakwenda haraka.

Ubaya wake ni kwamba nyumba ya zamani haina mwisho unaoujua. Unabandua lipu, unakuta mchwa wamekula fremu ya mlango. Unatoa fremu, linta juu yake ina ufa. Kazi ya wiki tatu inakuwa ya miezi mitano, fedha ya mahindi inakatika katikati, na cherehani ambacho kingeleta mifuko mitano ya saruji kimefungwa kwa jirani. Nilikaa hivyo kuanzia Septemba hadi Januari. Wateja wangu wa sare walikwenda kwa mwingine, na si wote waliorudi.

Njia hii namshauri mwenye mshahara au biashara nyingine, au mwenye kazi ndogo ambayo mwisho wake unaonekana, kama kubadilisha madirisha mawili. Na kuna kazi moja ambayo haikuachii hiari: kuezua paa. Bati likishatoka, masizi ya miaka, vinyesi vya popo na mbao zilizooza vinadondoka kila mahali. Siku hizo kila kitambaa na kila mashine itoke nje ya nyumba, hata kama una oda ya kesho.

Njia ya pili: kila siku kidogo hiki, kidogo kile

Asubuhi mwiko, jioni sindano. Ukiipanga kwenye karatasi inapendeza kuliko zote. Mimi iliniumiza kuliko zote.

Fundi anafika saa mbili. Kabla hajafika pipa la lita 200 liwe limejaa. Saa tatu anaita, "Mama, mchanga haujachekechwa." Saa nne misumari ya inchi nne imeisha. Saa saba watu wanne wanataka ugali na maharage, na maharage hayo yalipaswa kuwa jikoni tangu saa tatu. Hata kama hukugusa mwiko kwa mkono wako, siku imekwenda. Saa kumi na moja unapokaa kwenye cherehani, jua litazama baada ya saa moja na nusu hivi. Kukata kitambaa kwa taa hafifu ni hasara. Zambarau iliyokolea na nyeusi huwezi kuzitofautisha, na kesho yake unakuta umeziunga ubavu kwa ubavu.

Halafu mikono. Saruji inakausha ngozi hadi inapasuka, na ngozi iliyopasuka inanasa nyuzi za kitambaa laini. Nilikuwa napaka mafuta ya mgando kabla ya kushona, mafuta yakaacha madoa kwenye bitana. Ikiwa ni lazima ushike zege, vaa glovu za mpira tangu mwanzo.

Lakini kuna sehemu moja ya njia hii niliyoibakiza, nayo ni kuunga viraka kwa mkono. Kikapu chenye mfuniko, ndani viraka vya safu moja vilivyokwisha kukatwa na kupangwa, uzi, sindano mbili na mkasi mdogo. Unakaa nacho chini ya mti huku maharage yanachemka na fundi yuko machoni pako. Viraka 14 kwa siku ni safu moja. Hakuna kazi nyingine ya blanketi inayovumilia kukatizwa hivyo mara kumi.

Njia ya tatu: kiangazi cha fundi, kifuku cha cherehani

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, mara nyingine na Mei kidogo. Wapo wanaouita masika, wengine kifuku. Kugawa mwaka kwa mvua kuna mantiki ambayo huhitaji kufundishwa. Wakati wa kiangazi lori la mchanga linafika mlangoni, matofali yanafyatuliwa na kuchomwa, lipu inakauka vizuri, na fedha ya mavuno ipo. Mvua zikija hakuna lori litakalopanda kilima chetu, na watu wamo ndani. Kushona basi.

Blanketi nalo linaifuata ratiba hiyo vizuri. Mnunuzi wa blanketi hulitafuta baridi inapobisha hodi, mwishoni mwa Mei na Juni. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai hakina mchezo. Ukishona kuanzia Januari, Mei unakuwa na mablanketi ya kuuza wakati watu wanayataka.

Inapochapa ni sehemu mbili. Ya kwanza ni Novemba na Desemba. Kupanda mahindi, kupalilia viazi na sare za shule vinakuja pamoja, maana shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anakumbuka sare Desemba ikiwa inaisha. Wakati huo blanketi lisahau. Ya pili ni kwamba kiangazi cha ujenzi ni kifupi kuliko kinavyoonekana kwenye kalenda. Juni, Julai na nusu ya Agosti uko shambani unavuna, unapukuchua, unahifadhi. Ukitoa hiyo, fundi anabakiwa na mwisho wa Agosti, Septemba na Oktoba, na ndio wakati kila mtu kijijini anamtaka fundi huyohuyo. Kwa hiyo njia ya msimu inakupa kazi moja kubwa kwa mwaka. Mwaka huu paa, mwakani lipu, mwaka unaofuata sakafu. Ukiweza kukubali mwendo huo, ni njia ya amani.

Aliyeko Lushoto au miteremko ya Kilimanjaro, mwenye vuli na masika, ana madirisha mawili mafupi: Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Kwake kazi zikatwe vipande vidogo zaidi.

Jambo la kushika kwa wanaochagua njia hii: fua vitenge na khanga zote za viraka Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani na hurudi kidogo kikifuliwa, na khanga nyekundu huchuja. Ukiviunga bila kufua, fulio la kwanza linavuta blanketi na kulitia doa. Na kukausha vitambaa mita sita Februari, ndani ya nyumba yenye moshi wa kuni, ni kuvitafutia harufu.

Njia ya nne: chumba kimoja kiishe kabisa

Hapa ndipo ninaposimama. Unachagua chumba kimoja, mara nyingi kidogo, na unakimaliza chote kabla hujagusa kingine. Kuta zinapandishwa hadi zikutane na bati, au dari inapigwa ifunge pande zote. Lipu, sakafu, rangi nyeupe, mlango unaofunga bila upenyo chini. Futi 10 kwa 12 zinatosha: zile futi 8 kwa 8 za kutandaza, na ukingo wa meza ya kukatia na cherehani. Kama una hiari ya dirisha, liwe upande wa kusini. Sehemu kubwa ya mwaka huku kwetu jua hupita kaskazini, hivyo dirisha la kusini linaleta mwanga mtulivu usiopausha vitambaa.

Kizuizi chake kikubwa ni maneno ya nyumbani. Jiko linavuja, na wewe unasema chumba cha kwanza kupata dari ni cha cherehani. Mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni kama sindano zinaugua mafua. Nilimheshimu, sikumjibu siku ile. Jibu lilikuja lenyewe Septemba iliyofuata tulipofungua ukuta wa chumba cha watoto: watoto, magodoro, madaftari na nguo za shule vyote vilihamia chumba kile kisafi wiki tatu, na yeye mwenyewe, mwenye kifua, alilala humo. Chumba safi kinachofungika kinahudumia nyumba nzima muda wote wa ukarabati. Ukikieleza hivyo tangu mwanzo, mumeo atakuelewa mapema kuliko ukisema ni chumba cha kushonea.

Gharama yake ni kwamba unamwita fundi mara mbili kwa kazi ambayo angeifanya mara moja, na unanunua vifaa kwa rejareja. Pia uvumilivu: lipu mpya ina maji mengi, usiingize marundo ya vitambaa kabla ya wiki nne, na mvua zikiwa zimeanza, ngoja zaidi. Vitambaa vikiegemea ukuta mbichi vinaota ukungu, na ukungu kwenye pamba hautoki.

Kuhusu dari ya chumba hicho, nimeona zote mbili. Jipsamu inapendeza na inaziba vizuri, lakini kupiga msasa maungio yake kunatoa unga mweupe laini kuliko vumbi lolote ninalolijua. Mbao za paina, ambazo huku kwetu hazitafutwi mbali, zinapigwa kwa misumari na vumbi lake ni la msumeno tu, tena wanaweza kuzikatia nje. Ila zisipokauka kabla ya kupigwa, zinaachana na kufungua nyufa. Mimi nilichukua mbao, na juu yake nikatandaza karatasi la nailoni.

Saa ambazo saruji inakupa

Jambo hili sikuambiwa na mtu, na limenisaidia kuliko njia yoyote kati ya hizo nne. Kazi za ujenzi hazichafui sawasawa, na nyingine zina siku za kungoja ambazo ni zako.

Sakafu au lipu ikishawekwa, inahitaji kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba ili ikomae bila nyufa. Siku hizo fundi hayupo, au yuko kwa mtu mwingine. Hakuna vumbi kwa sababu kila kitu ni chepechepe, na hakuna wa kupikiwa. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, katikati siku ni nzima. Zamani nilizitumia kuhangaika na kumpigia fundi simu. Sasa nazipanga kabisa: wiki ya kumwagilia ndiyo wiki ya kutandaza tabaka na kupiga bandi, kazi inayotaka siku zisizokatizwa.

Siku za kubandua na kubomoa, fungua kikapu cha viraka tu, nje ya nyumba, upande upepo unakotoka. Cherehani kivishwe nailoni na kufungwa kamba, na kitambaa kibichi kiwekwe chini ya mlango. Viraka vilivyokatwa vikae kwenye sanduku la bati au ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Gunia au kapu la wazi halizuii kitu.

Siku za rangi zina udanganyifu. Rangi yenyewe haina vumbi, lakini siku ya kabla yake ni ya msasa. Na harufu ya rangi ya mafuta inaingia kwenye blanketi, mnunuzi ataisikia.

Kutengeneza na kupachika fremu, milango na madirisha ni kelele kuliko uchafu. Unaweza kushona mashine siku hizo bila shida.

Fedha nayo ina msimu wake

Saruji haipendi kungoja. Mfuko uliokaa miezi mitatu huwa umeshapoteza nguvu, na kwenye unyevu wa kifuku unaweza kuganda mapema kuliko hapo. Kwa hiyo ile fedha inayokuja Februari kwa kushona usiigeuze saruji ya Septemba. Igeuze bati, misumari au mbao, vitu visivyoharibika vikihifadhiwa pakavu. Kwenye bati kumbuka namba inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Au inunulie bitana na uzi, ambavyo vitarudi kuwa fedha Juni. Fedha ya mavuno ndiyo ya saruji, kwa sababu inafika karibu na fundi.

Weka mifuko miwili ya fedha, wa cherehani na wa nyumba. Yangu ni makopo mawili ya maziwa ya unga. Faida ya cherehani inaruhusiwa kuvuka kwenda kopo la nyumba, lakini mtaji wa vitambaa hauvuki hata fundi akisimama mlangoni. Mwaka nilioruhusu uvuke, Januari nilikosa kitambaa cha sare.

Ipi basi?

Kama nyumba yako ina dari na milango inafunga, huhitaji njia ya nne. Tayari una chumba, gawa kwa msimu. Kama kuta zako hazifiki paani kama zangu, anza na chumba, kisha ingia kwenye msimu. Mwenye watoto wachanga au mgonjwa wa kifua nyumbani afanye hivyo hata kama hana cherehani. Kama unaishi kwa mshahara na kushona ni pumziko lako, funga cherehani miezi miwili umalize, ila kikapu cha viraka usikifunge. Kama una oda kubwa yenye tarehe, harusi au sare za kwaya, mwambie fundi asubiri. Ukuta uliosimama miaka 30 utasimama mwezi mmoja zaidi, na mteja hatasubiri. Isipokuwa paa. Paa linalovuja juu ya ukuta wa tofali linaozesha kila kitu kilicho chini yake, nalo lisisubiri oda ya mtu yeyote.

Njia ya pili, ile ya kila siku kidogo kidogo, simshauri mtu anayepika mwenyewe kwa ajili ya mafundi. Kama yupo binti au dada wa kusaidia jikoni na kisimani, hesabu zinabadilika.

Sakafu ya sebule yetu ilimwagwa Jumanne. Leo ni siku ya nne, maji ya asubuhi nimeshamwaga, na mlango wa chumba cheupe umefungwa. Blanketi limetandazwa chini, bitana bluu, na bandi imefika safu ya tisa. Zimebaki tano, na siku tatu za kumwagilia.